Dharau Ilifika Kabla ya Gemu

Kama tarehe haitasogezwa tena, toleo la sita la gemu ya video ya Grand Theft Auto litaingia sokoni tarehe 19 Novemba 2026. Limeshaahirishwa, na kila likiahirishwa mjadala wake unafufuka, hata hapa Dodoma ambako wengi wanaolijadili hawatakuwa na mashine ya kulichezea. Kinachojadiliwa zaidi ni mwanamke. Toleo la tano, la mwaka 2013, lilikuwa na wahusika wakuu watatu, wote wanaume. Hili jipya lina wawili, na mmoja wao anaitwa Lucia. Trela ya kwanza ya Desemba 2023 inaanza akiwa gerezani, anahojiwa. Tangu trela hiyo itoke nimesikia hukumu mbili. Ya kwanza ni ya vijana, hasa wa vyuo, wanaosema suala la wanawake kudhalilishwa kwenye gemu limekwisha, maana sasa mwanamke ndiye anayeshika bunduki. Ya pili ni ya wazazi, na nimeisikia hata madhabahuni: kwamba gemu ndiyo shule inayowafundisha wavulana kudhalilisha mabinti, kwa hiyo vibanda vya kuchezea gemu vifungwe, mambo yaishe.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinatazama kioo na kusahau benchi lililo mbele ya kioo. Gemu haimwanzishii kijana dharau kwa mwanamke. Inamkuta ameshaipokea nyumbani, mtaani na shuleni, kisha inampa uwanja wa kuifanyia mazoezi bila mtu wa kumsahihisha. Anayeamua kama mazoezi hayo yatazaa tabia ni waliokaa karibu naye: wanachomwambia kuhusu anachokiona, na kama kuna yeyote anayemwambia chochote. Nikiwa sahihi, kumpa Lucia bunduki hakutaponya kitu peke yake, na kufunga vibanda kutaongeza tatizo.

Nianze na vibanda vyenyewe, kwa sababu wengi wanaovijadili hawajawahi kuingia. Dodoma ya gemu ni miji miwili. Upo mji wa nyumba mpya za Iyumbu na Njedengwa, uliokua baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, ambako mtoto wa mtumishi wa umma anaweza kuwa na mashine ya kisasa chumbani kwake. Na upo mji wa Chang'ombe, Makole, Nkuhungu na Chamwino, ambako gemu ni biashara ya chumba kimoja: televisheni mbili au tatu, pedi zilizofungwa utepe mweusi, feni, benchi, na mwenye kibanda anayehesabu dakika. Huko mtoto analipa kwa mechi au kwa muda, na kama hana hela anakaa kutazama wenzake, kwa hiyo kwa kila anayecheza wapo watano wanaoangalia. Mashine nyingi nilizoziona kwenye vibanda vya namna hiyo ni PlayStation 2, mashine iliyozinduliwa mwaka 2000, na gemu zake zimenakiliwa kwenye diski isiyo na ganda au kwenye flashi. Ganda likiwa halipo, na ile alama inayosema gemu ni ya miaka 18 haipo.

Umri wa mashine hizo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wahusika wanawake 571 wanaoweza kuchezwa, kutoka gemu zilizotolewa kati ya 1983 na 2014. Waligundua kwamba ule uchoraji wa kumvua mwanamke nguo na kumzidishia maumbile ulifika kilele miaka ya 1990, kisha baadaye ukaanza kupungua. Kwa hiyo anayesema mambo yamebadilika hasemi uongo. Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu za Tomb Raider, wa 1996 na Lara Croft wa 2013 ni watu wawili tofauti. Wa pili ana hofu, ana marafiki, anaumia, amevaa suruali. Lakini mabadiliko hayo yamefika Iyumbu, hayajafika Chang'ombe. Mtoto wa kibanda anakula chakula kilichopikwa miaka ishirini iliyopita. Mjadala wa Ulaya na Marekani unahusu gemu za leo, na sisi tunaunukuu kana kwamba watoto wetu ndizo wanazocheza.

Gemu inayopendwa kwenye vibanda hivyo baada ya mpira ni San Andreas, toleo la Grand Theft Auto la mwaka 2004. Ninaijua vizuri na sitaki kuisingizia. Haimlazimishi mchezaji kumpiga mwanamke. Sehemu kubwa ya hadithi yake ni ndugu, mtaa, usaliti na polisi wala rushwa, na ndiyo maana inavuta. Lakini tazama namna mapenzi yalivyoundwa ndani yake. Carl Johnson, mhusika mkuu, anaweza kuwa na wapenzi sita. Kila mmoja ana kipimo cha asilimia kinachopanda ukimtoa kwenda kula au kucheza muziki, na ukifika kiwango fulani unapewa kitu. Ukiwa na yule muuguzi, ukilazwa hospitali hupoteza silaha zako. Ukiwa na yule polisi, ukikamatwa unatoka na bunduki zako. Mwingine anakupa gari. Mwanamke hapo ni mlango wa kupitia kwenda kwenye faida, naye mwenyewe hana anachotaka zaidi ya kutolewa. Pia mchezaji anaweza kumpakia kahaba kwenye gari, afya yake ikapanda na pesa ikapungua, kisha akamuua na kuirudisha pesa yake. Gemu haimpongezi kwa hilo. Inaliruhusu tu, na kila mtoto wa kibanda anajua kwamba linaruhusiwa kwa sababu mkubwa wake alimwonyesha.

Watetezi wa gemu hii wana jibu zito, nami nimelifikiria sana: kwamba ni kejeli. Redio za ndani ya magari, matangazo ya biashara na mazungumzo ya wahusika yote yanaikejeli Marekani na ulafi wake, na mchezaji mwenye akili anajua anacheka nini. Nakubali kwamba kejeli ipo. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mtaani cha California. Mvulana wa darasa la sita wa Nkuhungu haisikii. Kwake redio ni muziki na kelele. Hadithi yote inabaki kile ambacho jicho linaona na kile ambacho kitufe kinaruhusu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliohesabu maneno ya wahusika zaidi ya 13,000 katika gemu 50 za kuigiza uhusika, ukaonyesha kwamba wanaume wamepewa takriban mara mbili ya maneno ya wanawake. Fikiria sasa mchezaji ambaye hata hilo fungu dogo la maneno ya mwanamke halimfikii. Kilichobaki kwake ni mwili unaopita barabarani.

Hapo ndipo mtafsiri anapoingia. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamkumbuka yule aliyeitafsiri filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili, akaongeza chumvi yake, mpaka maneno yake yakawa filamu yenyewe. Gemu hazina kanda ya tafsiri. Zina kijana mkubwa kuliko wenzake, anayekaa nyuma ya benchi. Mwaka jana niliketi kibandani Chang'ombe karibu saa nzima nikimsubiri mwanangu, na kijana mmoja, sidhani alifikisha miaka kumi na saba, alikuwa anawaeleza wadogo kila kitu: huyu ni adui, pale pana silaha, huyu demu achana naye ana makelele. Kwenye gemu, yule mwanamke alikuwa anampa Carl taarifa ambayo bila hiyo misheni haieleweki. Wadogo waliamini alikuwa anagomba tu, kwa sababu ndivyo walivyotafsiriwa. Mwandishi wa gemu alikuwa amempa mwanamke yule akili. Aliyeinyang'anya ni benchi.

Turudi kwenye ushahidi, maana hisia zangu kwenye kibanda kimoja hazitoshi. Wanaosema gemu zinadhuru wana tafiti za kushika. Unaotajwa sana ni wa Italia, uliochapishwa 2016. Wanafunzi 154 wa sekondari waligawanywa wacheze gemu tofauti: wengine Grand Theft Auto, wengine gemu ya ukatili isiyodhalilisha wanawake, wengine gemu isiyo na hata kimoja kati ya hayo. Kisha walionyeshwa picha ya msichana aliyepigwa na mwanaume, wakaulizwa wanahisi nini. Wavulana waliojitia sana ndani ya mhusika wa Grand Theft Auto walionyesha imani kali zaidi za ubabe, na huruma yao kwa msichana yule ilikuwa ndogo. Upo pia utafiti wa Ufaransa wa 2017, mkubwa zaidi, wa vijana 13,520 wenye umri wa miaka 11 hadi 19 katika maeneo ya Lyon na Grenoble. Huo uliona uhusiano kati ya muda wa kucheza gemu na kukubali kauli za kumweka mwanamke jikoni na kwenye uzazi tu. Uhusiano wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo.

Upande wa pili nao haukukaa kimya. Ujerumani waliwafuata wachezaji 824, wanaume kwa wanawake, kwa miaka mitatu, wakatoa matokeo 2015: muda wa kucheza na aina ya gemu anayopenda mtu havikutabiri kama mtazamo wake kwa wanawake utakuwa mbaya zaidi baadaye. Wakosoaji walizichukua takwimu za ule utafiti wa Italia, wakarudia hesabu, wakasema matokeo yake hayasimami imara kama yalivyotangazwa. Na mwaka 2022 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu wanawake wanaochorwa kwa namna ya kuamsha tamaa kwenye gemu, nao haukuona athari ya maana kwa mtazamo wa wachezaji wala kwa afya yao ya akili. Anayetaka kufunga vibanda kwa jina la sayansi lazima amalizane kwanza na namba hizi, na sijasikia mtu akifanya hivyo.

Je, basi tuseme hakuna kitu? Mimi sisomi hivyo. Angalia kilichopimwa. Wajerumani walipima saa na aina ya gemu, yaani walipima kioo. Waitaliano walipojaribu kupima kitu cha ndani zaidi, kile cha mchezaji kujiona yeye ndiye mhusika, ndipo kitu kikaonekana, hata kama ni kwa udhaifu. Saa tatu za gemu kwa kijana ambaye dada yake humzidi hesabu na baba yake husikiliza ushauri wa mama si sawa na saa tatu zilezile kwa kijana aliyekwishaambiwa kwamba mwanamke ni wa kuamrishwa. Ukichukua wastani wa wote wawili unapata sifuri, au karibu na sifuri, na wastani huo utakuwa wa kweli bila kumsema hata mmoja wao. Ongeza kwamba yule wa Ujerumani anafuata maneno ya gemu yake, na dukani ganda linamwonyesha muuzaji kwamba gemu hii si ya mtoto. Vizuizi hivyo vimo ndani ya matokeo yale bila kuandikwa. Mtu anayetuletea matokeo ya Ujerumani bila vizuizi vya Ujerumani ametuletea nusu ya utafiti.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya watetezi wavivu: "ni gemu tu." Wanaoisema ni haohao wanaomnunulia mtoto simu yenye programu za kujifunza hesabu na Kiingereza kwa njia ya mchezo, wakijisifu kwamba anajifunza bila kujua. Huwezi kuamini kwamba mchezo unafundisha jedwali la saba kisha ukaamini kwamba haufundishi kitu kingine chochote. Wazee wa hapa walijua kwamba mchezo hufundisha. Ngoma, vitendawili na michezo ya jioni vilikuwa darasa. Lakini walijua pia kwamba mchezo haufundishi peke yake, kila mchezo ulikuwa na mtu mzima karibu. Na ile hoja kwamba hata wanaume kwenye gemu wamechorwa na misuli isiyo ya kawaida nitaipita haraka: kweli, ila mwanaume anapewa misuli ili afanye kazi, na pembeni yake wapo wanaume wazee, wanene, wajinga, wachungaji na wapishi. Mvulana ana wanaume mia wa kuchagua awe nani.

Sasa hoja ya upande wa wazazi, ambayo naiheshimu kwa sababu inatoka kwenye hofu ya kweli: kwamba gemu ndizo zinazozalisha wanaume wapigaji na wabakaji. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya zilizotajwa: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kubishana naye na nyinginezo. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja. Rudia kuisoma: wanawake ndio waliozidi. Mama wa miaka arobaini na tano wa Bahi au Kongwa aliyejibu kwamba mke aliyetoka bila kuaga anastahili kipigo hakufundishwa na San Andreas. Alifundishwa na mama yake, shangazi yake, na mashemeji waliokuja kusuluhisha wakamwambia avumilie. Kijana anayeingia kibandani saa kumi jioni ametoka kwenye nyumba yenye imani hiyo. Gemu ikimwonyesha mwanamke anayepigwa bila matokeo, haimwambii jambo geni. Inamthibitishia.

Utafiti ule wa Ufaransa una kipande ambacho wanaounukuu madhabahuni hukiacha. Ulipima pia ushikaji wa dini, ukakuta kwamba nao unahusiana na mtazamo wa kumdunisha mwanamke, tena kwa nguvu kuliko gemu. Mimi ni mtu wa kanisani, na namba hiyo haikunifurahisha. Sidhani inasema kwamba imani humfanya mtu awe mbaya, na Wafaransa si Wagogo. Lakini inasema kwamba sauti ya mimbari inaingia ndani zaidi kuliko sauti ya kioo. Kama ni hivyo, mhubiri wa Dodoma ana chombo kikubwa mkononi kuliko mwenye kibanda, na Jumapili anayoitumia kulaani gemu angeweza kuitumia kusema wazi, mbele ya wanaume waliovaa suti, kwamba kumpiga mke ni dhambi na ni jinai.

Kuhusu kufunga vibanda, kwanza tuache kuchanganya mambo. Hasira nyingi za wazazi zinatokana na mashine za kamari, zile zinazomeza sarafu za watoto waliotumwa dukani. Mashine hizo ni kamari, zina sheria yake na bodi yake, na kuwaweka watoto mbele yake ni kosa. Kibanda cha gemu ni kitu kingine. Kina tabia moja ambayo tunaidharau na ambayo hatutaipata tena tukiipoteza: ni mahali pa hadhara. Mlango uko wazi au una pazia tu. Mwenye kibanda anamjua mama wa kila mtoto. Neno chafu likisemwa linasikika. Mtoto akifukuzwa hapo hataacha gemu. Atahamia kwenye simu ya kaka yake, akajiunge bando, acheze PUBG Mobile au Free Fire akiwa na spika za masikioni, na watu wasioonekana, hadi usiku.

Na kwenye simu ndiko dharau inakotoka kwenye picha na kuwa maneno kwa mtu halisi. Mwaka 2015 watafiti wawili walichapisha jaribio lililofanywa ndani ya Halo 3, gemu ya vita inayochezwa na watu wa mbali kupitia mtandao. Walicheza na watu wasiowafahamu, mara wakitumia sauti ya mwanaume iliyorekodiwa, mara ya mwanamke, mara bila sauti, huku maneno yakiwa yaleyale. Waliomshambulia zaidi mwenye sauti ya kike walikuwa wanaume wachezaji dhaifu, wale waliokuwa wanashindwa. Wachezaji hodari walikuwa na lugha nzuri kwake. Nimeona matokeo haya yakinisaidia kuelewa mambo mengi nje ya gemu. Mwanaume anayeshuka ngazi ndiye anayemwona mwanamke kama mtu anayemnyang'anya nafasi. Vijana wa Dodoma wanaoishi pembezoni mwa mji unaojengwa kwa kasi, wakitazama magari ya wizara yakipita, wana sababu nyingi za kujiona wanashuka. Tukiwatoa kwenye benchi ambapo mtu anaweza kuwaambia "dogo, hapo umekosea" na kuwapeleka mahali ambapo hakuna wa kuwaambia, hatujalinda msichana yeyote.

Msichana mwenyewe yuko wapi katika haya yote? Kibandani hayupo. Watu husema wasichana hawapendi gemu, lakini Marekani karibu nusu ya wanaocheza ni wanawake, na wale wachezaji wa Ujerumani waliofuatiliwa walikuwa na wanawake 360. Wetu hawaji kwa sababu saa kumi jioni wako kisimani, jikoni au wanalea wadogo zao, na kwa sababu binti akionekana kwenye kibanda cha wavulana jina lake linaharibika kabla hajashika pedi. Mvulana hulipa shilingi mia chache, dada yake hulipa kwa heshima yake. Kutokuwepo kwake kunafundisha pia. Chukua mpira, ambao unachezwa kuliko gemu nyingine zote. Toleo la mwisho la gemu ya FIFA kwa PlayStation 2 lilikuwa FIFA 14. Timu za wanawake ziliingia kwa mara ya kwanza kwenye FIFA 16, mwaka 2015, timu 12 za taifa. Maana yake ni kwamba kwenye mashine za Chang'ombe hakuna mwanamke hata mmoja uwanjani. Mvulana anaweza kucheza mechi elfu moja pale, katika nchi ambayo wasichana wake, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, asijue kwamba mpira wa wanawake upo. Hakuna aliyemdhalilisha mwanamke kwenye gemu ile. Ameachwa nje tu, na nadhani kuachwa nje huku kunamjenga kijana kimyakimya kuliko zile nguo fupi tunazozipigia kelele.

Nini kifanyike, basi? Halmashauri ya Jiji ina maofisa maendeleo ya jamii katika kata zake. Badala ya kuwatuma na mgambo, iwatume wakae. Wenye vibanda si maadui. Wengi ni vijana waliokopa kununua televisheni mbili, na wangekubali masharti mepesi yanayolinda leseni yao: watoto wa shule wasiwemo saa za masomo, gemu za watu wazima zisichezwe wadogo wakiwepo, na jioni moja kwa wiki iwe ya wasichana, mlango wazi, mwangalizi akiwa mwanamke. Hilo la mwisho litapingwa, na watakaolipinga kwanza ni wazazi wa wasichana. Nalitetea hata hivyo. Mvulana aliyefungwa mabao matatu na binti wa jirani hahitaji semina ya kuambiwa kwamba binti ana akili. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya msako mmoja wa magari mawili.

Kisha kuna suala la nani anatengeneza. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kina ndaki nzima inayofundisha masomo ya kompyuta, na kila mwaka wasichana wanahitimu pale wakijua kuandika programu. Gemu ya simu ya Android haihitaji studio ya California. Inahitaji hadithi, na hadithi zipo umbali wa nauli ya daladala. Wagogo wana muheme, ngoma ambayo wapigaji wake ni wanawake: wanaishika katikati ya miguu, wanapiga mbele ya kijiji kizima, na wanaume wanatazama. Sisemi utamaduni ule ulikuwa safi. Muheme ina asili yake kwenye unyago, na unyago wa huku ulibeba pia ukeketaji, ambao mabinti wa mkoa huu bado wanaulipia. Mwanafunzi wa kike akiandika gemu kuhusu mpiga muheme anayekataa kisu na kubaki na ngoma, atakuwa amemtengeneza mwanamke mwenye anachokitaka, anayezungumza Kiswahili na Kigogo, kwa kijana ambaye hajawahi kukutana na mhusika wa namna hiyo. Na hatahitaji kutafsiriwa na mtu.

Mpaka hapo, tuna Lucia. Hatafika kwenye mashine za Chang'ombe leo wala kesho, lakini video zake fupi zitafika kwenye simu siku ileile gemu itakapotoka, zikiwa zimekatwakatwa, mara nyingi zikitazamwa bila sauti darasani. Waandishi wake huenda wamempa akili, hasira na historia. Watoto watamwuliza yule wa nyuma ya benchi huyu mwanamke ni nani na anafanya nini, naye atawajibu kwa anachokijua. Bado hajafika miaka kumi na minane, anajua kila misheni ya San Andreas kwa moyo, na katika saa ile niliyokaa pale nilimsikia akimsema vibaya mwanamke mwenye akili, nikanyamaza, nikamchukua mwanangu, nikaondoka. Wiki iliyofuata nilirudi kumtafuta. Tulizungumza kwa muda wa mechi mbili, na alichoniuliza kwanza ni kwamba yule demu, kwani, alikuwa anasemaje.